Herufi za Makucha

Mdogo wangu wa kiume tunamwita Makucha, na jina hilo hakulipata kwa ubabe. Huyo hata kuku humfukuza. Alilipata kwa herufi. Ana kaduka ka kuchapa mabango na kadi, chumba kimoja, kompyuta moja. Humo kwenye kompyuta kuna herufi za kila aina, lakini siku alipokutana na zile zenye ncha kali, mikia iliyopinda na matundu utadhani zimetafunwa na panya, basi tena. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Kinyozi akija, makucha. Bibi harusi akitaka kadi, makucha. Tangazo la msiba wa jirani nalo likatoka na makucha, mpaka mjane akauliza, "Kwani marehemu alikuwa jambazi?" Simnyimi haki yake: kwenye bango la ngumi zilikaa vizuri mno. Sasa kusifiwa kwa ngumi ndiyo umpige kila anayeingia dukani?

"Dada, herufi za kawaida zimepooza," hunijibu. "Hizi zinamshika mtu!" Zinamshika kweli, kooni.

Mimi nikaacha kazi nikafungua shule ya chekechea. Nilikodi nyumba, nikapaka kuta manjano, nikabaki sina kitu. Siku ya kuandikisha wasipopatikana watoto, nafunga. Makucha akasema bango ni zawadi yake. Kwetu zawadi ya ndugu haikaguliwi, unashukuru, unanyamaza. Nikanyamaza, mjinga mimi.

Asubuhi ya kuandikisha nikakuta ameshalitundika juu ya geti. KARIBUNI WATOTO, nyekundu juu ya nyeusi, kila herufi na kucha zake. Mama yangu! Wazazi walisimama ng'ambo ya barabara, watoto wamejificha nyuma ya sketi, wanalia.

"Watoto wa siku hizi wamedekezwa," Makucha akasema, mikono kiunoni.

Hapo mkewe akafika na binti yao, begi mgongoni, ndiye awe mwanafunzi wangu wa kwanza. Mtoto alikuwa anaruka ruka. Akainua macho, akaganda, akaukumbatia mguu wa baba yake.

"Baba, zile zinang'ata."

"Ni herufi tu, mwanangu. Baba kazitengeneza."

Mtoto akakojoa palepale, kwenye kiatu cha baba. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Bwana mkubwa akaenda kuleta ngazi bila kuambiwa. Alipofika juu akageuka.

"Dada, je, nikipunguza mikia kidogo tu?"

"Shusha!"

Akashuka na bango kwapani, akamnyooshea mwanawe mkono ampeleke darasani. Mtoto akarudi nyuma. Akamwita tena, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mtoto akaupita ule mkono, akanishika mimi, tukaingia. Wale wa ng'ambo wakaanza kuvuka barabara. Makucha akabaki getini, mkono bado ameunyoosha.