Kiti cha Mbele cha Mama

Baba yangu hakupenda gari letu liguswe na mkono wa mtu mwingine. Gereji alikwenda tu alipokosa kifaa, na hata hapo alisimama nyuma ya fundi, mikono kiunoni, mpaka fundi wa watu akaudhika. Alikuwa amestaafu kazi ya kukagua mabehewa pale Port Bell, ambako mabehewa ya mizigo hupakiwa melini na kuvushwa ziwa. Kazi ile ilimwachia nyundo ndogo yenye mpini mrefu na tabia moja: aligonga vitu na kuvisikiliza. Gurudumu zima, alisema, hulia kwa sauti ya wazi. Lenye ufa hujibu kama mtu mwenye mafua. Basi kila Jumamosi, kwenye ua wetu wa Mbuya, mtaa wa Kampala, ulioinama kiasi kwamba gari halisimami bila jiwe chini ya tairi, alilizunguka akigonga nati, rimu, springi na bomba la ekzosi, nami nikimfuata na kopo la grisi.

Lilikuwa stesheni wagon jeupe, kubwa kuliko mahitaji yetu, na lenye umri mkubwa kuliko baadhi ya wanajeshi vijana wa kambi ya jirani waliopita barabarani wakitucheka. Walinicheka mimi hasa, mwanamke mzima niliyelala chini ya gari na leso kiunoni. Mimi ni mtu wa kuwaka haraka, na zaidi ya mara moja nilitoka kule chini na spana mkononi kuwauliza wanachekelea nini. Baba alinishika mguu akanirudisha kazini. Alisema boliti haikazwi kwa hasira.

Kila tulipomaliza, Mama aliuliza swali lile lile akiwa mlangoni.

"Itafika?"

Hakuwa akiuliza kama gari litafika mjini. Aliuliza kama litafika nyumbani, ng'ambo ya mpaka wa Busia, upande wa Kenya, walikotoka kabla sijazaliwa na walikojenga nyumba ya matofali ambayo walilala ndani yake Krismasi tu. Wakenya wa Kampala wa umri wa wazazi wangu wamefanya biashara hapa, wamezaa hapa na kusomesha hapa, lakini wote wanaishi na swali moja moyoni: siku nikifa, nitafikaje? Baba alikuwa akisema mtu hazikwi kwenye ardhi ya kupanga. Alikuwa ameendesha gari lile nyuma ya majeneza mengi ya marafiki mpaka ng'ambo, na kwake gari lisiloweza kufika Busia siku yoyote ya mwaka lilikuwa bati tu lenye magurudumu.

Kisha moyo wa Mama ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, ngazi mbili za barazani zikawa mlima, na usiku hakuweza tena kulala chali. Akilala chali maji yalimpanda kifuani akakosa pumzi, kama mtu anayezama kitandani mwake. Akawa analala amekaa, ameegemea mito ambayo Baba alimpangia kila jioni, akiivuta huku na kuisukuma kule mpaka Mama amwambie inatosha. Nilihama kwangu nikarudi kukaa nao. Tulikuwa tukimpeleka hospitali ya Nsambya, na siku moja aliporudi kutoka huko alituomba kitu kimoja. Alitaka kwenda nyumbani akiwa hai. Alitaka kukaa kwenye baraza yake mwenyewe kabla ya yote mengine. "Nataka kufika nikiwa nimekaa," alisema, "nikiona njia."

Daktari hakukataa. Alisema twende polepole, tupumzike njiani, na gari lisimtikise.

Sijawahi kumwona Baba akifanya kazi kama majuma yale. Tulibadilisha shokapu zote, na bushi za mpira ambazo zilikuwa zimekauka na kupasuka. Tulibadilisha mipira ya rejeta, breki pedi na tairi mbili za nyuma. Kila kilichofungwa kiligongwa na kusikilizwa. Niliona raha, nakiri, pamoja na hofu yote. Kulikuwa na jambo la kufanya, na mikono yetu iliweza kulifanya.

Halafu akahamia nyuma ya gari. Aling'oa kiti chote cha abiria wa nyuma, akaleta ubao mpana wa plaiwudi, akaukata na kuulaza kutoka nyuma ya viti vya mbele mpaka karibu na mlango wa buti. Kingo zake alizipiga msasa mpaka zikawa laini kama meza ya kulia. Pembeni akafunga pete za chuma, mbili kila upande, za kupitishia mikanda. Nilipomuuliza, alisema Mama atajinyoosha hapo akichoka njiani. Nikaona ni wazo zuri. Nikaahidi kununua godoro jembamba la sponji.

Mama alitoka siku ile kuota jua. Alishika ukuta, akashuka ngazi moja, akapumzika, akashuka ya pili. Alifika kwenye buti lililokuwa wazi, akautazama ubao, kisha pete.

"Hii ni ya nini, Mzee?"

"Ya kupumzikia. Njia ni ndefu."

Mama alipitisha kiganja juu ya ubao, taratibu, hadi kwenye pete ya kwanza.

"Mimi silali chali," alisema. "Hata kitandani silali chali, na wewe ndiye unanipangia mito. Sasa ni nani atalala hapa?"

Baba aliinama akachukua nyundo yake, akagonga rimu ambayo alikuwa ameshaigonga asubuhi. Mama akarudi ndani, ngazi ya kwanza, pumziko, ngazi ya pili. Sikuthubutu kumshika mkono.

Nilimgeukia Baba. Nilimwambia amemzika mkewe naye bado anakunywa chai humu ndani. Nilimwambia na mengine, kwa sauti ambayo majirani walisikia. Aliniacha mpaka nikaishiwa na maneno. Ndipo aliposema, akiwa bado amechuchumaa pale kwenye tairi, kwamba aliwahi kuona mwenzake wa kazini akikaa mochwari siku nyingi huku ndugu wakigombana juu ya gari la kumbeba. Hakutaka Mama asubiri hivyo. Alisema anaogopa, na kwamba kila akiyasikia yale mapigo ya moyo wa Mama usiku anasikia ufa. Nilikaa chini kwenye vumbi karibu naye. Maisha yake yote alilipwa kutafuta mahali kitu kitakapovunjika kabla hakijavunjika, na sasa alikuwa amefanya hivyo kwa mke wake. Nilimwonea huruma, ingawa bado nilikuwa na hasira naye.

Siku ya pili aliutoa ubao akausimamisha ukutani nyuma ya jiko. Hakuutupa, Baba hakutupa kitu. Alirudisha kiti cha nyuma mahali pake, akaosha mikono, akaenda mjini kwenye maduka ya spea, akarudi na bodaboda iliyobeba kiti kimoja kikubwa cha gari la kifahari lililopata ajali. Kilikuwa na mgongo mrefu, pa kuegemeza mikono, na mkono wa kukilaza nyuma kidogo kidogo.

Hakukifunga garini mara moja. Alikiweka barazani juu ya matofali, akamwomba Mama akikalie. Mama hakuwa amemsemesha tangu jana yake, lakini alikaa. Baba akavuta kigoda mbele yake akawa anamtazama anavyopumua. Akikohoa, kiti kilinyanyuliwa kidogo. Shingo ikiinama, sponji iliongezwa nyuma ya kichwa. Mchezo ule uliendelea siku baada ya siku, na mazungumzo yao yakarudi kwa njia hiyo, ya mambo ya kiti tu kwanza: juu, chini, hapo, rudisha. Alasiri moja Mama akalala usingizi wa kweli barazani, amekaa, mdomo wazi, bila kukohoa. Baba alichukua brashi akapiga alama ya rangi nyeupe pale mkono wa kukilaza ulipokuwa umesimama, ili mteremko ule usipotee.

Reli za kiti kile hazikulingana na matundu ya gari letu. Tukamwita jirani yetu mchomeleaji, mzee Mwislamu ambaye mababu zake walitoka Sudan wakiwa askari wa Wazungu, watoto wao wakabaki hapa. Alichomelea vyuma vipya vya kushikilia, akavitikisa kwa nguvu zake zote. "Mzee, hii inaenda wapi? Haiendi popote," alisema. Baba aligonga kila boliti hata hivyo. Mama akaletwa akakaa mbele, akafunga mkanda, akatazama nje kupitia kioo mpaka kwenye bonde.

"Itafika?"

"Itafika," Baba alisema.

Tulipanga kuondoka juma lililofuata. Hatukuondoka kama tulivyopanga. Asubuhi moja Baba alitoka kutazama maji ya rejeta, na nilipompelekea chai nilimkuta ameanguka mbele ya gari, boneti iko wazi, mkono wake karibu na lile jiwe la tairi. Nilimwita nikijua hataitika. Ilikuwa presha, madaktari walituambia, ya muda mrefu. Sote mle ndani tulikuwa tumeinamia moyo mmoja, tukiuhesabu na kuupangia mito, na hakuna aliyekumbuka kusikiliza moyo wa Baba. Jambo hili linaniuma mpaka leo na silipambi.

Watu wa kanisani walijitolea kutafuta gari la maiti. Mama alikataa. Alisema Mzee ataenda na gari lake. Kwa hiyo niling'oa tena kiti cha nyuma, peke yangu safari hii, nikaenda nyuma ya jiko kuchukua ubao. Ulikuwa umeingia vumbi lakini kingo zake bado zilikuwa laini. Mchomeleaji alikuja na futi yake. Alipima jeneza, akapima ubao, akapima jeneza tena.

"Hii mbao iko fupi," aliniambia. "Mzee alipima nani?"

Mama alikuwa barazani, amevaa nguo nyeusi, amekalia kigoda cha Baba.

"Alinipima mimi," alisema.

Mchomeleaji akavua kofia yake, akaishika. Kisha alisema kuna njia. Tukitoa kile kiti kikubwa cha mbele, jeneza litasogea mbele na mlango wa buti utafunga vizuri. Mama ataenda na gari la waombolezaji, litakuwa nyuma yetu. Lilikuwa wazo la maana. Nilikuwa nimeshachukua spana na kupiga magoti mlangoni, naona ile alama ya rangi nyeupe mbele ya macho yangu, Mama aliposimama.

"Kiti hakitoki. Alikifunga yeye."

Mchomeleaji alileta kipande cha mbao kutoka karakana yake, akakiunganisha kwenye mwisho wa ubao kwa vyuma viwili. Wanaume wakaliingiza jeneza, tukapitisha mikanda kwenye zile pete nne, ikashika sawasawa. Mlango wa buti haukufunga. Tuliufunga kwa kamba, nusu wazi, na kitambaa chekundu kikining'inia nje ili madereva wa nyuma waone.

Kabla ya kuondoka nilichukua nyundo ya Baba nikalizunguka gari. Niligonga nati za kila tairi na springi za nyuma zilizokuwa zimebeba uzito wake. Sina sikio lake. Nilisikia chuma, basi, na nilipofika tairi la mwisho nililia, nyundo mkononi, mbele ya watu wote.

Mama alikuwa ameshakaa mahali pake, mkanda umefungwa, kichwa kwenye ile sponji. Nilingojea swali lake. Hakuuliza. Aligeuka kadiri mwili ulivyomruhusu, akapitisha mkono katikati ya viti viwili vya mbele mpaka vidole vikagusa mbao za jeneza.

"Tutafika, Mzee," alimwambia.

Nikatoa jiwe chini ya tairi, nikawasha gari. Tulikwenda polepole, tukisimama apumzike, na Mama hakusinzia hata kidogo. Aliiona njia yote mpaka nyumbani, akiwa amekaa.