Siku Niliyosahau Vikeki vya Kuramochi

Kwa miaka tisa nilimdanganya mtu mmoja kila wiki. Siku niliyomwambia ukweli, alicheka mpaka akavua miwani.

Nilikuwa mtayarishaji wa katuni za televisheni hapa Tokyo. Sasa ni bibi wa wajukuu wanne, naweza kusema.

Mzee Kuramochi alikuwa mchoraji wangu bora, ila mzito kumaliza. Kituo kikitaka michoro Jumatatu, mimi namwambia Ijumaa ya kabla yake. Watayarishaji wote tulifanya hivyo. Naye alijua, basi tu alininyamazia.

Wiki moja kituo kikawahisha kipindi chetu kwa siku tatu, kupisha besiboli. Ijumaa ikawa Ijumaa kweli. Tukikosa, kibarua changu kimeota nyasi.

Jumatatu nikakimbia nyumbani kwake, mtaa wa Ogikubo.

"Mzee wangu, Ijumaa. Safari hii kweli."

Akacheka, akavua miwani. "Dada Hisano! Ijumaa yako si ndiyo Jumatatu ya wenzako?"

"Naapa!"

"Hata mwezi uliopita uliapa. Na machozi juu!"

Nikaondoka.

Siku tatu napiga simu, haipokelewi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kama anayekwenda msibani. Mkewe akafungua mlango, akanipa bahasha nene kwa mikono miwili.

Michoro yote. Mia mbili na kumi.

Nikapiga magoti pale pale mlangoni panapovuliwa viatu.

"Kumbe aliniamini?"

"Wala," akasema mama yule kwa upole. "Jumatano tunakunywa chai, akatafuta vile vikeki vyako vya maharage matamu. Nikamwambia, 'Hisano hakuleta.' Kisha akasema, 'Basi ni kweli. Akija kunidanganya huwa hasahau vikeki.' Akaiacha chai, akashika penseli."

Nilicheka huku nalia.

Ndipo nikamwona mzee mwenyewe kule ndani, mkono umefungwa bandeji mpaka vidoleni. Kazi ya siku nne aliifanya kwa mbili.

Kipindi kilionyeshwa. Mimi nikapandishwa cheo.

Mkono wake haukurudi tena kama zamani.

Hakunilaumu hata mara moja. Alisema tu, "Dada, safari ijayo niletee vikeki."

Wajukuu zangu, zile siku mbili alizokaa bila kuniamini, mimi ndiye niliyemnyang'anya. Tangu hapo kila mtu nilimtajia siku yenyewe.

Na vikeki nilimpelekea hadi mwisho wake, bila kumwomba kitu.