Aliyekimbia Vita vya Majimaji

Sikulala. Niliwaza kama nimtaje darasani babu wa bibi yangu, au nifuate kitabu kinachosema mashujaa wote walikufa wamesimama. Mimi ni mwalimu wa kujitolea tu, ninaweza kuambiwa nisirudi.

Asubuhi mama alijipaka mafuta ya nyonyo, na harufu ile nzito ikanirudisha mapajani kwa bibi, vidole vyake vikavu vikinipaka mafuta hayo kichwani.

“Babu yangu walimpaka dawa yenye mafuta haya haya, risasi zisimwingie. Mwenzake alipoanguka, akatupa mkuki, akakimbia.”

“Bibi! Kumbe alikuwa mwoga?”

“Ndiyo. Angebaki, leo ningempaka nani? Lakini shuleni usiseme, watatucheka.”

Darasani nilifunga kitabu, nikaanza na yule aliyekimbia.