Kuku wa Mwami na Kitabu Kisicho na Jina

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto huwapa wenzangu njaa. Mimi inanirudisha kwenye umri wa miaka kumi, kwenye kizingiti cha nyumba ya matofali mekundu ambayo babu aliipata kwa kazi ya reli. Jumapili iliyopita jirani alikuwa ananyonyoa kuku wake ng'ambo ya ukuta, nikafunga dirisha. Mtu mzima anamkimbia kuku aliyekwisha kufa. Cheka tu, msomaji wangu, nimezoea.

Nililelewa na baba mukubwa, kaka wa baba yangu, mwanahistoria. Alifundisha chuoni Kasapa mpaka siku alipokataa kuanza somo kwa kumsifu mkubwa fulani wa serikali aliyekuja kutembea. Baada ya hapo akafundishia mezani kwetu, wanafunzi tukiwa mimi na redio. Alikuwa ameandika vitabu viwili. Cha kwanza kilisimulia jinsi wachuuzi wa samaki wakavu wa Pweto walivyoamua ugomvi wao wenyewe bila polisi wala hakimu. Cha pili kilieleza jinsi kodi ya wazungu ilivyowang'oa watu vijijini na kuwatumbukiza migodini. Vyote viwili vilisema jambo moja: serikali ni mgeni aliyekuja kuomba maji ya kunywa, akabaki na kitanda. Walionunua ni ndugu zetu hasa, wakaviweka kando ya picha ya Bikira Maria bila kuvifungua.

Nyumbani aliishi kama alivyoandika. Amri hakutoa. Nikimuuliza kama nioge, anajibu, "Weye mwenyewe njo mukubwa wa mwili yako." Mtoto anachoka, jamani, kuamua kila kitu. Mama mukubwa, mke wake, alichoka kunishinda. "Mu hii nyumba hakuna mukubwa," alizoea kusema huku akisonga bukari, ugali wetu, "lakini muntu wa kupika iko."

Asubuhi moja wakaja wazee wawili wamevaa makoti, na joto lile. Walitumwa na mwami mmoja, chifu wa kule kaskazini, kando ya ziwa. Alitaka baba mukubwa aandike kitabu cha ukoo wake, uonekane wa zamani kuliko ukoo wa jirani yake. Lakini baba mukubwa alikuwa ametoka, mama mukubwa alikuwa misani, na mimi nilichokiona ni jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Nikampokea kwa mikono miwili, goti chini, kama kambo, mama yake baba, alivyonifunza. Wazee wakatabasamu kuliko ilivyohitajika, wakaenda zao.

Mama mukubwa aliporudi nikamwambia wageni wameleta kuku. Tulikuwa hatujaonja nyama tangu Pasaka. Hakuuliza la pili, akabandika maji ya kumnyonyolea. Mchana baba mukubwa alikuwa amekwisha kuuma paja mara mbili ndipo akasema, "Banani banaleta?" Nikaeleza: makoti, ziwa, mwami, kitabu cha ukoo. Akalirudisha paja kwenye sahani polepole, kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

Maana kwa watu wetu, kuku wa mwami akirudishwa mzima, jibu ni hapana, na hakuna anayekasirika. Akiliwa, jibu ni ndiyo.

"Muntu hafungwe na neno hakusema," akasema baba mukubwa. "Batarudia, nitabaambia vile."

"Na mutoto?" mama mukubwa akamuuliza. "Weye njo unamwambiaka anajiamulia. Anapokea na mikono mbili. Ao uhuru yake inaishaka saa ya kukula?"

Mwanahistoria akanawa mikono, paja likabaki kwenye sahani.

Nami nikakumbuka neno la kambo: kuku ya mwami, ukiila bila kujibu, inakuulizaka mu tumbo. Basi ikaniuliza. Wiki nzima nilijikunja kwenye mkeka, chakula hakipiti. Baba mukubwa alisema ni pilipili, akaniletea maji ya vuguvugu, akasema tena ni pilipili, kwa sauti ndogo zaidi. Siku ya nane nikaamua, kama nilivyofunzwa. Nilimpokea kuku mwenyewe, nitamwandikia mwami mwenyewe. Nikachukua kaye yangu ya shule, nikaandika: "Mwami iko mukubwa sana. Babu yake pia alikuwa mukubwa." Hapo elimu yangu ikaisha.

Baba mukubwa akasoma juu ya bega langu. Alicheka mpaka akavua miwani, na alipoivaa tena alikuwa hacheki.

"Leta iyo kaye," akasema. "Kula."

Amri mbili, za kwanza nilizopata katika nyumba ile. Nilikula bukari sahani mbili, na tumbo halikuuliza tena.

Aliandika miezi mitatu, kitabu cha tatu alichokuwa amekianza kikingoja chini ya meza. Kinangoja hadi leo. Cha mwami kilitoka bila jina la mwandishi. Hilo ndilo sharti pekee aliloweka. Mimi nilifurahi tu kwamba amepata kazi.

Baba mukubwa alipokufa, kwenye kilio chake rafiki zake walisifu vitabu viwili. Cha mwami hakukitaja mtu. Nacho ndicho pekee ambacho bado kinauzwa chini, kando ya barabara, mjini. Nilikiokota mwaka jana, mimi ambaye safari yangu ndefu ni kwenda kununua mkate. Kwenye ukurasa wa mwisho, baada ya sifa zote za ukoo, kuna mstari mmoja wa shukrani kwa mtoto aliyepokea kwa mikono miwili.

Miaka yote nilidhani aliogopa mila. Mila hakuiogopa; alimwona mtoto kwenye mkeka, akaweka chini kila alichokiandika, asiniambie uzito wake.

Nikamsomea mama mukubwa mstari ule. Sasa ni mzee, macho yamechoka, lakini mdomo bado.

"Miaka yote alisema hana mukubwa," akasema. "Kumbe alikuwa naye, pale mu mukeka. Alikuwa anaumwa tumbo."