Gurudumu la Kufukuza Ndege

Enzi zetu, sisi tuliokulia Baraka, mji wa kando ya ziwa, wakati wa vita, mtoto hakuulizwa kama amechoka. Uliamshwa alfajiri, ukatafuna muhogo wa jana, ukamfuata mama hadi kwenye mpunga. Shule ilikuwa imefungwa. Mpira wetu ulikuwa wa mifuko iliyofungwa kamba, na jioni harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, walioanikwa ufukweni ilitushibisha nusu, kwa kuwa nusu nyingine haikuwepo. Watoto wa leo umeme ukikatika saa moja tu wanalalamika kwamba wanateseka. Nawapenda, lakini wananichekesha.

Mwanangu Asukulu ni mmoja wao. Ana meza nzima ya visanduku vilivyounganishwa kwa nyaya za rangi, na humo anatoa muziki. Juzi alinikalisha anieleze kifaa anachokiita sekwensa. Kina mstari wa vitufe vya kuzungusha, na kila kitufe ni hatua moja. Unakipangia sauti yake, ya juu au ya chini, na mashine inaishika kichwani. Kisanduku kingine kinatoa mapigo sawasawa, na kila pigo linasogeza mashine hatua moja mbele. Ukitaka, hatua fulani unaizima, nayo mashine inaipita kimyakimya. Ikifika mwisho wa mstari inarudi mwanzo, na haichoki.

Alidhani atanishangaza. Nikamwambia, "Hii tulikuwa nayo kwenye mpunga."

Mwaka ule baba alikuwa ameshavuka ziwa na bibi yetu mgonjwa, akatuachia ujumbe tumfuate upesi. Majirani walikuwa wakiondoka. Mama aliutazama mpunga uliokuwa ukianza kubeba masuke, akasema, "Mi siwezi kuvuka na mikono bure. Tutavuna kwanza, njo tutaenda." Ule mpunga ndio uliokuwa chakula chetu cha ng'ambo, na hatukuwa na kingine.

Taabu ilikuwa ndege. Zamani watoto walishinda shambani wakipiga kelele na kurusha mawe. Sasa watu wenye bunduki walikuwa wakipita barabarani mchana na kukamata watoto wa kuwabebea mizigo, kwa hiyo mama alitukataza kukaa pale jua likishapanda. Ndege walilijua hilo kabla yetu, wakashuka makundi kwa makundi.

Kaka yangu Wilondja, ambaye kabla ya vita alikuwa akitengeneza baiskeli za watu, alichukua rimu kuukuu akalitega kwenye mfereji wa shamba. Alilifungia vipande vya bati ili maji yalisukume. Pande zote mbili tulichomeka vijiti. Vya kushoto viliinua nyundo ya mti ikaangukia debe kubwa, vya kulia viligonga kopo la maziwa. Maji yalisukuma, kijiti kikafika, debe likalia, kisha kijiti kingine, kopo likaitika. Gurudumu lilipomaliza mzunguko lilianza tena. Tulirudi nyumbani tukiruka kwa furaha.

Haikupita wiki, tukawakuta ndege wamekaa juu ya debe lenyewe, wakila kana kwamba tunawapigia ngoma ya harusi. Niliona aibu. Wilondja alitaka kuongeza vijiti, kelele izidi.

Mama alisimama akasikiliza mzunguko mzima, kisha mwingine. "Bameshaizoea," akasema. "Mutoe bijiti bingine. Yenye kunyamaza njo inaogopesha."

Tukang'oa vijiti vitatu. Sasa debe lililia mara mbili, kopo mara moja, halafu kimya kirefu, halafu debe peke yake, ghafla. Ndege walishuka kwenye kile kimya, na debe likawarusha juu kabla hawajafunga mabawa. Kila alfajiri tulibadilisha upana wa mlango wa maji, leo mbio, kesho polepole, wasipate kuzoea tena. Wachache waliiba, lakini mpunga ulisimama. Mlio ule ulifika hadi nyumba za watu, na wadogo wetu waliurudia wakitwanga, wakiruka kamba, wakiogeshwa.

Tukavuna. Magunia yalipofungwa, Wilondja aliinama alitoe rimu lake. Mama alimshika mkono. "Iache ilie. Bajue shamba iko na benyewe." Usiku ule tulipanda mtumbwi, na mimi nililia bila kujificha.

Tulikaa ng'ambo miaka. Siku tuliyorudi niliogopa kuuliza kama shamba bado ni letu, na mama naye hakuuliza. Pale tuliposhukia, wasichana waliozaliwa baada ya sisi kuondoka walikuwa wakicheza, wakipiga makofi na kukanyaga mchanga: mara mbili, mara moja, kimya kirefu, halafu moja peke yake. Mama alitua mzigo.

"Mulijifunza wapi iyo?"

"Iko ya shamba ya bale benye kuvuka, mama," mmoja akajibu. "Ilikuwa inalia kule."

Rimu lilikuwa limeshaibwa zamani. Lakini yule binti alitupeleka moja kwa moja hadi kwenye mfereji wetu, na hakuna mtu aliyetuuliza sisi ni nani.

Mashine ya Asukulu ni nzuri kuliko ya kwetu, siikatai. Ila umeme ukikatika inasahau kila kitu, naye anakaa gizani akishika kichwa. Mimi humwambia atulie. Umeme ukirudi, namgongea mlio ule mezani kwa vidole naye anaipanga upya, hatua kwa hatua, na ile ya kimya simruhusu kuiruka.