Dada wa Gitaa

Juzi mtaani Rahaleo, kwenye kibanda cha kuweka nyimbo kwenye simu, mama mmoja mbangua korosho aliagiza singeli tupu, ule muziki wa kasi. Mwenye kibanda akamwambia, "Mama, onja kwanza huyu dada. Ana gitaa na sauti tu. Usipompenda, namfuta."

Mama akavaa hedfoni, akakunja uso. "Mbona anaimba kama hajala?"

Kisha kidole chake kikaanza kugonga meza. Wimbo ulipoisha akacheka kwa furaha. "Rudisha!" Akausikiliza mara tatu, sisi kwenye foleni tukitabasamu.

"Sasa singeli niweke?"

"Weka moja ya kuamshia watoto. Nafasi iliyobaki yote mjazie huyu dada."

Huwa tunasema watu hawapendi muziki wasioujua. Pengine hatujawahi kuwaomba dakika tatu.