Kadi za Mwalimu kwenye Foleni ya Sukari

Vijana hawatanielewa, lakini miaka ile ya uhaba tulikuwa tunapanga mawe kwenye foleni. Unaweka jiwe lako mbele ya duka la ushirika hapa Musoma, unaenda kukaa kivulini, na kila mtu anajua jiwe lile ni wewe.

Asubuhi moja sukari ilipoletwa, alikuja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bukima. Alikaa barazani, akatoa kadi alizokata kwenye maboksi, akazitandaza mstari mmoja, kila moja na kijiwe juu yake kwa sababu ya upepo wa ziwa. Akawa anazihamisha, hii mbele, ile nyuma.

Mama mmoja akajishika kiuno. "Mwalimu, watu kumi na wawili wote hao unawashikiaga nafasi wewe?"

"Hapana mama, ni hadithi ya kitabu naipanga, kila kadi tukio moja."

"Hadithi gani ina mawe? Toa hapo!" Huyo nilikuwa mimi, na nilipaza sauti ili watu wacheke. Walicheka kweli, kisha kadi zikapigwa teke.

Mwalimu aliziokota, akijaribu kukumbuka ipi ilitangulia ipi. Moja ilikuwa imenasa chini ya kandambili yangu. Imeandikwa: "Baba anarudi. Mtoto hamtambui." Nilipoinua kichwa nimpe, alishaondoka, hata sukari hakungoja.

Siku hizi sukari iko kila duka na hakuna anayepanga foleni. Kitabu cha mwalimu nakiulizia mpaka leo, huku nikijua kadi yake moja ninayo mimi.